The Last Express: gemu iliyoingia sokoni bila mpiga debe

Kuna gemu ya kompyuta ya mwaka 1997 inaitwa The Last Express. Ukiitaja hata kwa watu wanaojiita wazee wa gemu, wengi watakuuliza hiyo si muvi? Na wala sio kosa lao. Ilitengenezwa miaka kama minne, ikala hela inayotajwa kufika dola milioni 6, wahakiki wakaimwagia sifa, halafu ndani ya mwaka hivi ikawa haipatikani tena madukani. Nakala zilizouzwa zinatajwa kuwa laki moja hivi, basi. Watu wakiulizwa ilikufaje jibu huwa moja tu, haikutangazwa, kesi imefungwa. Mimi naona hilo jibu ni la kweli ila ni nusu, maana zipo gemu zilizojiuza zenyewe kwa picha ya kwenye boksi na maneno ya mtaani tu, kwa nini hii ikashindwa? Nadhani kitu kilichoifanya iwe tamu ndio hicho hicho kilichofanya isiuzike bila mtu wa kuipigia debe, na siku ilipomhitaji huyo mtu hakuwepo.

Tuanze na mwenye mali. Jordan Mechner sio mtu wa kubahatisha, ndiye aliyetengeneza Karateka mwaka 1984 akiwa bado mwanafunzi chuo kikuu cha Yale, halafu 1989 akatoa Prince of Persia, ile ya jamaa mwenye nguo nyeupe anakimbizana kwenye mahandaki ukikosea kuruka unatua kwenye miiba. Ule mwendo wa yule jamaa ulioshangaza watu ulitokana na video, Mechner alimrekodi mdogo wake akikimbia na kuruka halafu akachora juu ya picha moja moja. Shikeni hapo kwenye hiyo mbinu, ndio itakuja kula hela mbele ya safari. Mwaka 1993 akafungua studio yake San Francisco, akaiita Smoking Car Productions, na stori akaiandika pamoja na Tomi Pierce.

Stori yenyewe inaanza Paris jioni ya Julai 24, 1914, treni ya Orient Express inaondoka stesheni ya Gare de l'Est kwenda Constantinople, yaani Istanbul ya leo. Hiyo tarehe haikuokotwa tu. Juni 28 mrithi wa ufalme wa Austria kauawa Sarajevo, Julai 23 Austria imewapa Waserbia masharti ya kibabe na saa 48 za kujibu, na Julai 28 vita itatangazwa. Kwa hiyo abiria wote wanakula, wanabishana siasa, wanatongozana, wanagombana na makondakta, na wewe peke yako humo ndani ndio unajua kinachokuja. (Na ni vita ile ile iliyokuja kufika mpaka Tanga Novemba ya mwaka huo huo, kwa hiyo tusijifanye ni ugomvi wa Wazungu tu.)

Stelingi ni Robert Cath, daktari Mmarekani anayetafutwa na polisi, anaidandia treni ikiwa kwenye mwendo akitokea kwenye pikipiki, kaitwa na rafiki yake Tyler Whitney ambaye yuko ndani na ana dili lake. Anafika kwenye chumba cha Tyler, anafungua mlango, anamkuta yuko sakafuni kauawa. Hapo gemu inakukabidhi kipanya na kunyamaza. Hakuna mtu anakuambia fanya hivi, hakuna maandishi yanayowaka, upo wewe na maiti na kelele za reli chini ya miguu. Ukizubaa kondakta anakuja, na akiiona ile maiti safari yako imeishia hapo. Ukimnyanyua Tyler koti lako linaingia damu, ukitoka nalo koridoni umekwisha, kwa hiyo inabidi uvae koti lake, na ukishavaa koti lake umebeba na jina lake pia, abiria ambao hawajawahi kumuona wanaanza kukuita bwana Whitney na kukuongelesha mambo ya dili ambalo wewe hulijui. Mjerumani mmoja wa viwanda anaitwa August Schmidt anakuja kwako kwa heshima zote akitaka kujua hela yake ya silaha iko wapi. Unamjibu nini sasa? Wewe umeingia dakika kumi zilizopita.

Mpaka hapo ni gemu nzuri ya kawaida. Kinachoitenga na nyingine ni saa.

Kwenye gemu nyingi za kubofya za miaka ile, zile unazocheza kwa kubonyeza vitu kwenye skrini kwa kipanya, dunia inakusubiri wewe, unaenda kula, unalala, unarudi kesho, mzee wa dukani yuko pale pale kasimama anakurudishia sentensi ile ile. Hii haikusubiri. Muda unatembea wenyewe, kama mara sita ya muda wa kawaida, na watu karibu 30 humo ndani kila mmoja ana ratiba yake, anaamka, anaenda behewa la chakula, anarudi chumbani, anapita kwenye korido nyembamba ile mpaka inabidi mpishane kwa ubavu. Wakati wewe upo kwenye sofa unamsikiliza mzee Obolensky wa Urusi anavyolalamika na mjukuu wake Tatiana anavyomtuliza, behewa la pili kuna Waserbia wanapanga mambo, na hayo mazungumzo yanaendelea uwepo usiwepo. Hayatarudiwa kwa ajili yako. Ni kama kwenye basi la mkoani usiku, huwezi kusikiliza stori za siti zote, ukisogeza sikio huku umekosa kule.

Sasa mtu atasema hiyo si ni balaa, nikikosa kitu cha muhimu saa ya kwanza nitajuaje saa ya tano? Ndio maana wakaweka dawa yake, na dawa yenyewe ni saa hiyo hiyo. Hakuna kuhifadhi mchezo kwa mkono, gemu inajihifadhi yenyewe muda wote, na kwenye menyu kuna saa ya mshale unairudisha nyuma mpaka Strasbourg, mpaka Munich, mpaka Vienna, popote ulipopita. Ukifa au ukiharibu kabisa yenyewe inakurudisha hadi sehemu ambayo bado unaweza kuokoa jahazi. Ukiisikia kwa maneno ni kitu cha ajabu kidogo, ukiicheza baada ya nusu saa unaizoea, na inabadilisha hata tabia yako, unaacha kuogopa kukosea, unaanza kufanya umbea kwa mpangilio: leo nakaa mgahawani, nikimaliza narudisha saa naenda kusikiliza mlangoni kwa yule dada mpiga violini.

Mfano mdogo ninaoupenda. Kuna dogo Mfaransa anaitwa François, yuko safarini na wazazi wake, anakimbia kimbia kwenye korido, na ana filimbi ambayo wewe utakuja kuihitaji sana kwa sababu inahusiana na lile yai la dhahabu la Kirusi ambalo nusu ya treni wanalitafuta. Humnyang'anyi, ni mtoto, na hela haimshtui. Ila anapenda wadudu. Kuna mdudu mweusi anatembea kwenye treni, ukiwa na kiberiti tupu unamdaka, unampelekea dogo, biashara inafanyika. Kwenye gemu nyingine hilo fumbo lingekuwa la kijinga, chukua A peleka kwa B. Humu limepata uhai kwa sababu dogo ana saa zake, kuna muda yuko koridoni kuna muda kaitwa na mama yake kalala, ukimkosa umemkosa, na ukijua anapenda wadudu ni kwa sababu ulikuwa karibu ukamsikia akiongea. Umeupata ufumbuzi kwa kusikiliza, hukuupata kwa kubofya kila kitu kwenye skrini ukisubiri bahati, ule ugonjwa wa gemu za kubofya ambao wote tunaujua.

Lugha nayo. Kila abiria anaongea lugha yake kweli kweli, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kiarabu, Kiserbia, Kituruki, na maandishi ya tafsiri yanatokea chini pale tu ambapo Cath mwenyewe anaielewa hiyo lugha. Waserbia wakinong'onezana unabaki kuangalia nyuso zao. Hii kitu mimi naiona ni ya akili kuliko hata saa. Na ukiwa mtu wa huku, ukisikia wale wanaoongea Kiarabu kuna neno moja moja unalidaka bila kusoma chini, raha yake ni ya peke yake.

Kilele kwangu ni tamasha la siku ya pili. Kuna tajiri wa ajabu ajabu anaitwa Kronos ana behewa lake binafsi, anaalika abiria waje kusikiliza muziki, yeye kwenye piano na Anna Wolff, Muaustria, kwenye violini, wanapiga sonata ya César Franck. Wanaipiga kweli, muziki unaenda na muda unaenda. Nyimbo nyingine zote za gemu ni za Elia Cmiral, yule Mcheki ambaye mwaka uliofuata alifanya muziki wa filamu ya Ronin, lakini pale kwenye behewa wakaweka Franck mzima mzima. Na mtego ndio huo, ni muziki mzuri, abiria wamekaa kwa adabu, korido zimebaki wazi, na Kronos hawezi kuwa kwenye piano na kulinda dhahabu yake kwa wakati mmoja. Wewe ndio unatakiwa unyanyuke ukachomoke. Mtu wa kwanza kucheza anakaa anasikiliza mpaka mwisho kwa sababu gemu zimemfundisha kwamba likianza tukio kubwa unaweka kipanya chini unaangalia. Anapiga makofi, anasimama, nafasi imeshapita. Hapo ndio anaelewa yuko kwenye gemu ya aina gani.

Haya, hela sasa. Kila mtu unayemuona humo alikuwa mwigizaji wa kweli aliyerekodiwa kwa video, shughuli ya siku 22, wamevalishwa mavazi na kupakwa mistari usoni ili kompyuta iweze kuidaka ile mistari na kugeuza picha kuwa mchoro, halafu michoro ikatiwa rangi, wakitafuta ule muonekano wa mabango ya Ulaya ya mwanzo wa karne. Ni ile mbinu ya Prince of Persia imerudi, ila safari hii sio mdogo wake mmoja anaruka ruka, ni treni nzima ya watu. Na treni yenyewe hawakuibuni, walifuatilia mpaka wakapata behewa halisi la kulala la zamani huko Athens, Ugiriki, wakalipiga picha na kulinakili. Timu ikakua mpaka watu kama 60. Kwa studio iliyoanza na marafiki wachache hiyo ni mishahara mingi sana kila mwezi, na gemu bado haijauza hata kopi moja.

Piga hesabu. Dola milioni 6 gawa kwa nakala laki moja ni dola 60 kila nakala. Gemu za kompyuta Marekani enzi hizo zilikuwa zinacheza kwenye dola 40 mpaka 50 dukani, na hapo duka halijachukua chake, msambazaji hajachukua chake. Yaani kila boksi lililotoka lilitoka kwa hasara. Ili irudishe hela ilitakiwa iuze mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hii ilikuwa gemu isiyoruhusiwa kuuza kiasi cha wastani, ama iwe kubwa ama ife. Hilo ni kosa la kibiashara la studio wenyewe na mashabiki huwa hawapendi kulisema, wanapenda lawama zote ziende kwa msambazaji.

Msambazaji alikuwa Brøderbund, na hapa ndio mambo yalipoharibikia. Wiki chache kabla gemu haijatoka watu wa idara ya masoko wakaondoka. Matangazo karibu hakuna. Kulikuwa na toleo la PlayStation limeshafika karibu na mwisho, Softbank ya Japani ikajitoa kwenye kampuni tanzu iliyokuwa inalishughulikia, toleo likafutwa na gemu nyingine kibao. Mwaka 1998 Brøderbund yenyewe ikanunuliwa na The Learning Company, kampuni ya programu za elimu za watoto, na hao wakaona gemu ya Waserbia na mabomu kwenye treni haiwahusu. Mapigo matatu ndani ya muda mfupi, na kila moja peke yake lingeweza kumlaza mtu kitandani.

Lakini subiri. Mwaka huo huo wa 1997, mwezi Oktoba, Brøderbund hao hao wakatoa Riven, muendelezo wa Myst, gemu ya mafumbo iliyouza sana, nayo ni ya kubofya, nayo ya taratibu, nayo inakuja na CD rundo, ikauza zaidi ya milioni. Kwa hiyo wanaosema gemu za kubofya zilikuwa zimeshakufa, zimeuawa na gemu za risasi na kukimbizana kama Quake na Tomb Raider, wanakwenda haraka mno. Soko lilikuwa linahama ndio, mwaka 1998 Grim Fandango ya LucasArts nayo ilisifiwa na haikuuza ilivyotegemewa, ila wanunuzi walikuwepo.

Tofauti ni kwamba Riven ina jina la Myst mgongoni, hiyo moja, na pili, hii ndio hoja yangu, Riven inaonekana. Weka picha moja ya kisiwa kile nyuma ya boksi, bahari, daraja, dude la chuma ambalo hujui la nini, mteja ameshaielewa bidhaa yote pale pale dukani: ni sehemu nzuri tupu yenye mafumbo, nitazunguka. Picha imesimama na gemu yenyewe imesimama, havidanganyani. Sasa chukua picha moja ya The Last Express. Watu wawili wamechorwa wamekaa kwenye kiti cha treni, mmoja ana mdomo wazi. Basi. Ni katuni? Ni kitabu? Unapiga risasi? Uzuri wote wa hiyo picha ni kwamba sekunde 30 zijazo mmoja wao atanyanyuka na utakuwa umechelewa kumfuata, na hicho kitu huwezi kukipiga picha. Hata mhakiki wa gazeti akiandika kwamba muda ni halisi na wahusika wanajitegemea, msomaji wa 1997 anasoma anaona ni maneno ya biashara, kila gemu ilikuwa inadai hivyo.

Hata kwenye mwendo haijisaidii. Wahusika hawasogei kama video, sura moja inayeyuka inakuja nyingine, kama picha za kuchorwa zinapokezana, ukiikuta kwenye kompyuta ya rafiki kwa dakika mbili utadhani mashine inakwama. Ukikaa robo saa macho yanazoea na unaona ni uamuzi wa kisanii na unapendeza. Ila dukani nani anakupa robo saa?

Kwa hiyo gemu kama hii ilihitaji watu wa masoko kuliko gemu nyingine yoyote kwenye lile kabati la Brøderbund. Riven ungeweza kuwafukuza watu wote wa matangazo na bado ikauza. Hii ilihitaji mtu mwerevu akae chini aseme, sikilizeni, tusiuze picha, tugawe onyesho la bure la saa moja ya kwanza, mtu amtupe Tyler dirishani, abadili koti, aingie mgahawani asikie meza tatu zinaongea kwa pamoja ajue hawezi kuzisikiliza zote, halafu ikate hapo hapo. Huyo mtu angekuwa kwenye idara ile ile iliyokuwa imeshafungasha. Ndio maana nasema "haikutangazwa" ni nusu ya jibu.

Kuna wanaosema hata ingetangazwa ingekwama kwa sababu ni ngumu. Sikubali sana. Ina sehemu za kukera, zile ngumi ambapo inabidi ubofye kwa wakati sahihi zimezeeka vibaya, na katikati kuna masaa unazunguka korido hujui unasubiri nini, hilo halina utetezi. Ila ile saa ya kurudisha nyuma inaifanya iwe na huruma kuliko gemu nyingi za kubofya za kampuni ya Sierra za muongo ule, zilizokuwa zinakuacha ucheze masaa na masaa wakati umeshaharibu mwanzoni kabisa na hazikwambii.

Studio ilifungwa. Mwaka 2000 kampuni ya gemu ya Interplay wakanunua haki zilizokuwa zimelala wakaiuza kimya kimya kwa bei ya kutupa, nao wenyewe walikuwa hoi kifedha, ikapotea tena. Mechner akarudi kwenye Prince of Persia, na mwaka 2003 Ubisoft wakatoa The Sands of Time ambayo yeye aliandika stori yake, na kitu ambacho kila mtu anakikumbuka kwenye ile gemu ni kisu cha kurudisha muda nyuma ukikosea kuruka. Sidai kwamba wazo lilihama moja kwa moja kutoka kwenye treni, kutengeneza gemu ni kazi ya watu wengi, ila angalia tofauti ya kuuza: humo kurudisha muda kunaonekana, jamaa anadondoka shimoni, skrini inabadilika, anapaa kinyumenyume mpaka juu ya ukingo. Sekunde tano za tangazo la televisheni zinatosha kabisa.

The Last Express yenyewe mwaka 2011 ikawa inauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, 2012 kampuni ya DotEmu wakaileta kwenye iPhone na iPad, baadaye Android. Ukitaka kuijaribu tafuta ya kompyuta, skrini ya simu inabana zile korido. Vaa hedifoni maana nusu ya ushahidi inapita nyuma ya milango, na usifungue mwongozo wa majibu usiku wa kwanza hata kama umekwama na maiti, kule ndio utajua kama hii gemu ni ya kwako au la. Na ukifika kwenye tamasha, kaa usikilize Franck mpaka mwisho mara moja. Saa utairudisha.